Gramu Mia Nne na Hamsini za Unga

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo cha polisi, mjini Kamina, mkoa wa Haut-Lomami
Jumamosi, tarehe 8 Juni 2024, saa mbili na dakika tano asubuhi
Mbele ya ofisa mpelelezi Mulongo Hénoch

Jina: Kapinga Valérie
Umri: miaka 47
Kazi: kuuza chakula, nina malewa, yaani mkahawa, ya meza kumi na mbili
Makao: commune ya Katuba, Lubumbashi. Hapa Kamina ni mpita njia tu.
Kuhusu: malalamiko ya tarehe 6 Juni dhidi ya Kyabu Musau, muuzaji wa unga sokoni

Malalamiko hayo niliyaleta mimi mwenyewe na kuyatia sahihi mimi mwenyewe. Leo nimekuja kuyaondoa. Ofisa ameniambia hayaondoki kwa neno moja, lazima nieleze yote kwa mpango, tangu mwanzo. Naeleza.

Mnamo Jumanne, tarehe 4 Juni, saa kumi na nusu jioni, nilifika Kamina kwa treni nikielekea Kananga kumwona dada yangu. Tuliambiwa treni itasimama hapa siku mbili, tatu. Nikapata chumba katika nyumba ya wageni ya Papa Zacharie, mzee aliyefanya kazi ya reli miaka thelathini na moja, sasa yuko pansheni. Sina ndugu hapa. Sikuwa na kazi ya kufanya, na mimi kukaa bure kunanipa homa.

Kila mji ninaofika, mahali pa kwanza kwenda ni sokoni. Wengine wanatafuta kanisa. Mimi natafuta watu wanakula nini, wanapima na nini, na samaki anatoka wapi. Natembea na daftari na mizani ndogo ya kuning'iniza, ya kilo ishirini na tano. Ofisa ameniuliza kwa nini msafiri abebe mizani. Najibu: nilianza na beseni moja ya vitumbula nikiwa na miaka kumi na sita, baba alipokufa. Hakuna aliyenipa hata kuni. Mwaka 2003 kulikuwa na mtu anayeniuzia unga kwa meka, lile kopo la kupimia ambalo kila mtu Katanga analijua. Meka yake ilikuwa imegongwa chini kwa nyundo, kitako kimeingia ndani. Gramu mia tatu kila meka, meka nne kwa siku, miezi saba. Nilipokuja kujua nilihesabu: kilo mia mbili hamsini na mbili. Magunia matano ya jasho langu. Tangu siku hiyo mizani inalala karibu na kichwa changu.

Mnamo Jumatano, tarehe 5 Juni, saa moja na nusu asubuhi, niliingia sokoni. Baridi ilikuwa kali, kina mama wamejifunga vitenge viwili viwili. Nilikula kikanda, ile keki nyeusi ya mizizi ya porini na karanga, kipande kimoja na pilipili. Kilikuwa kizuri kuliko cha kwetu, na ninasema hivyo mimi ninayekiuza. Nilikunywa munkoyo, haujachacha sana, bado una utamu wa mahindi. Niliona samaki wa kukauka kutoka Malemba-Nkulu na wengine kutoka Kabondo-Dianda. Nilipima, nikaandika. Mama wa vitumbula aliniona napima kipande cha kikanda kabla ya kukila, akaita wenzake:

"Mukuye muone! Mama wa Lubumbashi anapimaka mpaka pumuzi!"

Wakacheka. Nami nilicheka. Siku hiyo nilikuwa na raha, sitaficha.

Kisha nilifika kwenye mstari wa unga. Wanawake tisa wanakaa safu moja, kila mmoja na gunia lake na meka yake. Nilipima meka kwa watano. Zote zilikuwa kilo mbili na gramu mia nne, mmoja alizidi gramu ishirini. Juu ya hapo kila mmoja alinipa matabisha, ule mkono wa nyongeza, bila kuombwa. Niliandika katika daftari: "Kamina, unga, watu wa haki." Daftari liko hapa mezani, ofisa amesoma ukurasa huo.

Wa nane katika mstari alikuwa Mama Kyabu, na wa tisa, pembeni kabisa, Mama Lise. Unga wa Mama Lise ulikuwa mweupe na laini kuliko yote. Nilimwambia kesho nitarudi, nataka meka arobaini, nitazitanguliza Lubumbashi kwa lori. Akasema, "Nitakuwa pa, mama. Ukuye mapema." Hayo ndiyo maneno pekee niliyowahi kusikia kutoka mdomo wake.

Mnamo Alhamisi, tarehe 6 Juni, saa moja na dakika arobaini asubuhi, nilirudi. Mama Lise hakuwapo. Nikakaa kwa mama wa vitumbula, upande wa pili wa njia, hatua kama nane, nikanunua chai na vitumbula vinne ili nimsubiri. Kutoka pale naona mstari wote.

Nikaona hivi. Gunia la Mama Lise lilikuwa wazi, jipya, limejaa. Mama Kyabu ndiye anayeuza. Mteja akisimama kwenye gunia la Mama Kyabu, anapima kwa meka yake ya kila siku. Mteja akisimama kwenye gunia la Mama Lise, Mama Kyabu anasogea hatua mbili, anaweka ile meka chini, anachukua nyingine. Hiyo nyingine ilikuwa imefungwa kitambaa cheupe mdomoni, kuzunguka. Mtu mmoja, makopo mawili. Mimi nikasema moyoni: leo nimekupata.

Nilihesabu. Hadi saa tatu na dakika tano, wateja kumi na mmoja walinunua kwenye gunia la Mama Lise, jumla meka kumi na nne. Hakuna hata mmoja aliyejadili bei. Hakuna hata mmoja aliyedai matabisha, wala Mama Kyabu hakutoa. Mwanamke mmoja alichukua mbili, akagusa kidogo kile kitambaa kwa kidole, akaenda zake. Niliyaona yote hayo kwa macho yangu na kuyaandika, na nilichoelewa ni kimoja tu: watu wa mji huu ni wajinga, wanaibiwa mchana na hawajui kuhesabu.

Ofisa ameniuliza kwa nini sikumwuliza mama wa vitumbula niliyekaa naye kwa muda wa saa moja na nusu. Nilikuwa na mizani, sikuona haja ya kuuliza mtu.

Saa tatu na dakika kumi nilivuka njia. Nikasimama mbele ya gunia la Mama Lise, nikasema naomba meka moja. Mama Kyabu alipima. Nilitia unga katika mfuko wangu, nikauning'iniza kwenye mizani mbele yake. Kilo moja na gramu mia tisa na hamsini. Zimepungua gramu mia nne na hamsini.

Nikamwambia, "Mama, hii meka yako iko na tumbo?"

Hakukasirika. Ni mwanamke wa miaka sitini hivi, mwembamba, anaongea taratibu. Alisema, "Kama iko kidogo kwako, mama, uende pale ku yangu. Nitakupimia nzima. Bei ni moja."

"Na hapa?"

"Hapa ni hii njo iko."

Maneno hayo yangetosha. Mwizi hakuambii nenda pale utapata zaidi kwa bei ileile. Hesabu hiyo mtoto angeifanya, nami niliikosa.

Nilimnyang'anya kopo. Naomba liandikwe hivyo: nilimnyang'anya. Nikaupindua mfuko wangu, unga ukarudi katika gunia, kisha nikalipindua kopo na kuligonga kitako kwa kiganja. Kikatoka kisahani cha mbao, cha mviringo, kimechongwa sawasawa na kopo, kimezeeka kwa kushikwa. Kikaanguka chini. Nikakinyanyua juu, nikapaza sauti ili soko lote lisikie: "Muone! Muone vile anawaibia!"

Hakuna aliyepaza sauti pamoja nami. Nilidhani ni aibu ya kukamatwa. Mama Kyabu alikichukua kile kisahani mkononi mwangu, akakipangusa kwa pindo la kitenge chake, upande huu na upande huu, akakirudisha ndani ya kopo.

Mteja mmoja mwanaume alisema, "Mama mugeni, uache. Uache tu."

Nikamjibu, "Niache nini? Weye uko na hisa?"

Askari wawili walikuja saa tatu na dakika ishirini na tano. Mmoja alimwuliza Mama Kyabu kopo ni la nani.

"Ni yetu."

"Yenu na nani?"

"Ya shiye bote ba mustari."

"Kwa nini iko na kibao ndani?"

Aliulizwa mara tatu, na hapa kituoni nikaambiwa aliulizwa tena, hakujibu. Alichukuliwa pamoja na kopo, kisahani, kitambaa na gunia. Gunia lilipimwa hapa kwa mizani yangu, kwa sababu mizani ya kituo haikuwapo: kilo 20 na gramu 700. Saa nne kasoro dakika kumi nilitia sahihi. Nilitoka nikiwa na furaha. Nilijiona nimewalipia kisasi wote waliowahi kupimiwa na kopo lililogongwa chini.

Siku hiyohiyo, saa kumi na moja jioni, nilikula mezani na Papa Zacharie, bukari, ule ugali wetu, na samaki. Nikamsimulia, na nilisimulia vizuri, naigiza na sauti. Alikuwa anacheka mwanzoni. Nilipofika kwenye kopo aliweka tonge chini.

"Kopo ilikuwa na kitambala?"

"Ndiyo."

"Cheupe?"

"Ndiyo, Papa. Alificha ufa, nafikiri."

Akanawa mikono, ingawa alikuwa hajamaliza kula. Kisha akasema, "Mama Valérie, weye ulivunja kilio ya bantu."

Akanieleza ni matanga ya nani. Mume wa Mama Lise, Papa Kalala, aliyekuwa mfanyakazi wa reli pamoja naye, alikufa Jumatano usiku. Katika mstari ule wa unga, tangu wakati wa mama zao, mmoja akifiwa hakai sokoni. Jirani yake wa kuume ndiye anasimama kwenye gunia lake siku tatu. Anauza kwa ile meka ya kisahani, yenye kitambaa, kwa bei ya meka nzima. Unga unaobaki ndani ya gunia unapelekwa jioni kwenye nyumba ya kilio, unapikwa bukari kwa waliokuja kulia. Anayejua, anaona kitambaa, anakubali kupungukiwa. Huo ndio msaada wake. Asiyetaka, anakwenda kwenye gunia la pili, anapimiwa nzima, na hakuna anayemtazama vibaya.

Nikasema, "Sasa kwa nini hakusema? Mbele ya polisi, kwa nini hakusema neno moja tu?"

"Haisemwake, mama. Ukisema, ni kuomba. Kama ulisema 'nipe, kuko kilio,' muntu anatoa juu ya kuona haya. Pale muntu anatoa sababu aliona. Bale bamama habaombake." Kisha akaongeza, "Bibi yangu alichukua mbili. Ulimuhesabu na ye."

Nilikuwa nimemhesabu mke wake. Ndiye aliyegusa kitambaa.

Ninataka iandikwe pia kwamba nami nina langu la kusema. Watu kumi na mmoja walijua. Mama wa vitumbula alijua, alinimiminia chai huku anajua. Yule mwanaume alijua, na alichoweza kuniambia ni "uache." Mgeni anaona kopo lenye kitako cha uongo, aone nini kingine? Nimelala na swali hilo usiku mbili. Haki yangu ninaiona. Lakini haimtoi mtu katika kasho, chumba cha mahabusu, wala haijazi sufuria.

Kwa sababu hesabu ninaijua, niliifanya, hata bila kutaka. Gunia lile ni la kilo arobaini na nane, ni meka ishirini kamili. Ukiuza meka ishirini kwa kopo la kitambaa, zinabaki kilo tisa. Kazi yangu ni chakula: kilo moja ya unga, sahani sita. Kilo tisa, sahani hamsini na nne. Siku tatu, gunia moja kila siku, sahani mia moja sitini na mbili. Kopo likiwa hapa kituoni, sahani hizo hazipo. Nilikuwa nimeziondoa zote kwa kiganja kimoja.

Alhamisi hiyohiyo, saa kumi na mbili jioni, nilikuja hapa. Niliambiwa ofisa ametoka, nirudi kesho. Ijumaa, tarehe 7 Juni, saa moja na nusu asubuhi, nilirudi. Niliambiwa ofisa ameitwa kwa mwendesha mashtaka, nisubiri. Nilisubiri kwenye benchi hadi saa saba mchana. Kutoka kwenye benchi lile, mlango wa kasho ukifunguliwa, unasikia watu ndani. Mara moja nilisikia sauti ya Mama Kyabu akimwuliza askari saa ngapi. Askari akasema saa nne na robo. Akasema, "Sasa banamubeba." Papa Kalala alizikwa saa nne na nusu. Mama Kyabu na Mama Lise wamekaa gunia kwa gunia miaka ishirini na sita.

Mchana huo nilinunua gunia zima la unga, la kilo arobaini na nane, kwa wauzaji wengine, si wa mstari ule. Nikamwomba Papa Zacharie alipeleke kwenye kilio, kwa sababu mimi sikuthubutu kufika. Alirudi nalo kabla ya jua kutua, juu ya baiskeli ileile aliyoondoka nayo. Aliniambia watu wako wengi, wengine wametoka kijijini Katoto, na kina mama wamepika viazi vitamu. Viazi vimeisha. Nikamwuliza sasa gunia wamelikataa kwa nini. Akasema Mama Lise aliwaambia wamshukuru mgeni, wafwako sana, lakini unga wa kilio unatoka mu meka, hautoki mu gunia.

Leo Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mwanamke kijana alibisha mlango wangu. Alisema anaitwa Mira, ni mtoto wa Mama Lise. Nywele zake zilikuwa zimenyolewa kwa kilio. Alikuwa na mfuko mdogo wa plastiki, umefungwa fundo. Hakukaa.

"Mama anasema weye ulikosa gramu mia ine na makumi tano. Njo hizi."

Nikamwambia sikununua. Unga wote niliurudisha katika gunia, sikulipa, hakuna ninachodai.

"Ulisema mbele ya soko yote ulikosa. Mama hapendi muntu atoke Kamina na kusema alikosa."

Nikamwuliza wamepima na nini, wakati hawana mizani.

"Na meka nzima. Kibao kinafikaka wapi, kila muntu ku mustari anajua." Akaenda. Akiwa mlangoni alisema, "Ya juu ni matabisha. Muteja hatumuachake bure."

Nilibaki na ule mfuko. Nikaupima. Sijui kwa nini niliupima. Mkono ulikwenda wenyewe. Gramu mia tano na kumi.

Nikavaa, nikaja hapa. Mfuko huo ndio huu ninaouweka mezani mbele ya ofisa.

Ninachoomba ni hiki. Mama Kyabu Musau hakuniibia mimi, hakumwibia mtu. Saa arobaini na nane zinakwisha leo asubuhi. Asingoje hata dakika moja ya zilizobaki. Leo ndiyo siku ya tatu ya kilio, kesho wanakimaliza. Apewe kopo lake, kisahani na gunia, asimame leo kwenye nafasi ya Mama Lise, walau sahani hamsini na nne za mwisho zipatikane. Treni yangu inaondoka saa sita mchana. Nimesema nitaondoka nayo. Hakuna wa kuniomba nibaki.

Nimesomewa maneno haya tangu juu hadi hapa, na sioni gramu iliyozidi wala iliyopungua. Niliyoyaona niliyaona kweli, niliyoyapima niliyapima sawa, na nilikosa.

(Sahihi) Kapinga Valérie

MAANDISHI YA OFISA

Maelezo haya nimeyaandika kwa mkono wangu, nikamsomea shahidi kwa Kiswahili, akayakubali. Yamekwisha saa tatu kasoro dakika tano asubuhi.

Saa tatu na dakika tano Kyabu Musau alitolewa na kuletwa mezani. Shahidi alisimama. Hawakusalimiana kwa mkono. Nilimsomea Kyabu sehemu inayomhusu, pamoja na ile ya kisahani na kitambaa, nikamwuliza kama ni kweli. Akasema ni kweli. Nikamwuliza kama naye ana malalamiko dhidi ya shahidi. Akasema hana.

Vielelezo alivyorudishiwa: kopo moja la kupimia, kisahani kimoja cha mbao, gunia moja la unga, kilo 20 na gramu 700, lilipimwa tena mbele ya wote wawili. Mfuko wa gramu 510 shahidi aliuchukua tena, akautia katika mkoba wake pamoja na mizani.

Kitambaa cheupe hakikupokelewa. Kyabu Musau alikifungua mwenyewe kutoka mdomoni mwa kopo, akakikunja mara nne na kukiacha juu ya meza. Nilimkumbusha kwamba ni mali yake na anaweza kwenda nacho. Alisema hakitafanya kazi tena, leo wala siku nyingine. Nilimwuliza kwa nini.

Alijibu: "Sasa imesemwa."

(Sahihi) Mulongo Hénoch, ofisa mpelelezi